Nisome Nini, na Niulize Wapi?

Biashara yangu ni steshenari hapa Moshi mjini. Natoa kopi, naprinti, nalaminisha vyeti, nauza bahasha za kaki na kalamu zinazokauka wino kabla muhula haujaisha. Kwa kazi hii mtu unajua haraka watu wanahangaikia nini, maana kila hangaiko mwishowe hugeuka karatasi. Msimu wa mikopo ya vyuo naujua, na wiki za usaili nazijua. Najua hata familia ikifiwa: siku chache baada ya matanga wanakuja watu watatu au wanne, hawaongei sana, wanataka kopi za cheti cha kifo, vyeti vya watoto na muhtasari wa kikao cha ukoo.

Kinachonishangaza ni jinsi wanavyoniuliza mimi, mwenye mashine ya kopi, maswali yenye mtu wa kuyajibu umbali wa kutembea kwa miguu. "Dada, hii fomu inatoka ofisi gani?" "Dada, hivi wosia unaandikwaje?" "Dada, huyu mtoto hasomi kabisa, nimnunulie kitabu gani?" Nikisema nenda maktaba, wananitazama kama nimewafukuza. Maktaba? Si ya wanafunzi ile?

Hawajakosea sana. Ingia maktaba ya mkoa siku ya kazi, wengi utakaowakuta ni vijana waliokuja na madaftari yao na mitihani ya miaka iliyopita. Kitabu cha rafuni hawajakigusa. Wamefuata meza, kiti na utulivu ambao nyumbani kwenye vyumba viwili na redio ya jirani haupatikani. Sina ugomvi nao, wakae. Ila mtu mzima akichungulia mlangoni akaona sare tupu, anageuka akijua pale si pake, na anayekaa mezani hajapata hata nafasi ya kumsalimia.

Wakati walioianzisha hawakuwa na nia hiyo. Sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba ilipitishwa 1963, uhuru ukiwa bado mchanga, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Matawi ya mikoani yalikusudiwa mkulima na fundi kama yalivyokusudiwa mwanafunzi. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, la kwanza likiwa la 1949, liliziita nguvu hai ya elimu ya watu, na toleo la 1994 likataja wazi kwamba mojawapo ya kazi za maktaba ni kuhakikisha mwananchi anapata taarifa za kila aina zinazohusu jamii yake. Kwa hiyo yule mama anayeuliza fomu inatoka ofisi gani hajapotea njia akienda maktaba. Ameenda panapostahili.

Nimekuwa nikizifikiria kazi hizi mbili, ya kumpendekezea mtu kitabu na ya kumwelekeza mambo ya maisha yake, nikaona hazitengani. Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kupewa maktaba ya chuo kikuu cha Madras aiendeshe, aliandika mwaka 1931 kanuni tano ambazo wakutubi, yaani watu wa maktaba, wanafundishwa hadi leo. Vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji na kitabu chake. Kila kitabu na msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Maktaba ni kiumbe kinachokua. Mimi ile ya pili ndiyo inanikaa kichwani, kwa sababu huwezi kumpa mtu kitabu chake kabla hujamuuliza kilichomtoa nyumbani. Na ukishamuuliza hivyo, mara nyingi anachohitaji kwanza siyo kitabu: ni kujua dirisha gani la ofisi gani, na abebe nini mkononi. Kitabu kinafuata, na kikifuata kinamkuta amekaa vizuri.

Nianze na ubao wa matangazo, huo watu wanaoupita kila siku bila kuusoma.

Mimi natazama kwanza tarehe. Tangazo lisilo na tarehe nalitilia shaka, na lililopitwa na wakati litolewe hata kama karatasi yake bado inang'aa. Halafu natazama nani kalileta: kata, halmashauri, zahanati, kanisa, msikiti, au ni mtu tu na gundi yake? Tangazo la kazi linalokwambia utume hela ya fomu kwenye namba ya simu, usihangaike hata kulisoma mpaka chini. Maombi ya kazi serikalini hupita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na hakuna anayelipia kuomba. Ujumbe wa kitapeli ukiingia kwenye simu yako, upeleke 15040, namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo, badala ya kuusambaza kwenye kundi la familia ukiandika "jamani hii ni kweli?" Ubao mzuri unakuwa pia na namba fupi ambazo hakuna anayezikumbuka siku anapozihitaji: 116 kwa mtoto anayenyanyaswa, 199 ya Wizara ya Afya, 114 ya zimamoto, 113 ya TAKUKURU. Hizi mimi nimezibandika hadi ukutani dukani, juu ya bei za kopi, na nimeona watu wakizipiga picha.

Chukua mfano wa mikopo ya halmashauri. Kikundi cha akina mama wanaouza ndizi na mbogamboga sokoni Mbuyuni walikuja kwangu kuprinti katiba ya kikundi chao kwa ajili ya kufungua akaunti. Nikawauliza kama wanaomba ile asilimia 10. Mmoja akacheka: "Ile si ilifutwa?" Haikufutwa. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Habari ya kusimamishwa ilifika sokoni kwa kasi, habari ya kurejea ikatembea kwa mguu. Sasa tangazo kama hilo likiwa ubaoni, mtu wa maktaba anaweza kufanya jambo moja zaidi ambalo ofisi ya maendeleo ya jamii haina muda nalo. Anaweza kuwaonyesha akina mama wale rafu namba 657, uhasibu, kulikokaa vitabu vya kufundisha kuandika mapato na matumizi. Kikundi kinavunjika kwa sababu ya daftari la hela kuliko kwa sababu ya hela zenyewe. Hilo nalisema kwa niliyoyaona.

Namba hizo za rafu, kwa njia, zisikutishe. Ni mpangilio wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, na ukizijua chache hupotei tena. Sheria iko 340. Kilimo 630, ndani yake kahawa 633.73, ufugaji 636, nyuki 638. Mapishi 641, ushonaji 646. Historia ya Tanzania 967.8. Fasihi ya Kiswahili 896.392, na huko ndiko mimi huenda nikishafunga duka mapema. Mkulima wa Kibosho anayesikia kwamba kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, yaani TaCRI, kina miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, akishajua pa kuipata miche hiyo, akipita 633.73 anaelewa pia kwa nini ile mibuni ya babu yake ilikuwa inakula hela ya dawa kila msimu.

Kuna mzee mmoja wa Uru alikuja dukani akitaka nimwandikie wosia. Aliuliza bei kabisa. Nikamwambia, baba, mimi naweza kuuchapa lakini siwezi kukuambia uandike nini. Nikafunga duka kidogo nikamsindikiza.

Mkutubi aliyekuwa mezani alimwamkia, akampa kiti, halafu hakukimbilia rafuni. Aliuliza: "Baba, shamba liko kijijini au ni kiwanja cha mjini? Watoto wote wako hai? Na wa kike wapo?" Mzee akasema ni kihamba, yaani shamba la ukoo, na wa kike wawili wapo, mmoja hajaolewa, ndiye anayemwuguza mama yao. Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Kaka zake mzee walikuwa wamemwambia mtoto wa kike hapewi kihamba, na kwamba hata akiandika, karatasi haitasimama.

Aliletewa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, akaonyeshwa kifungu cha 3, pale panaposema haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawa na ya mwanamume. Akaambiwa pia jambo ambalo hata mimi ninayeuza fomu zao sikuwahi kusikia likisemwa mtaani: RITA, tunaowajua kwa vyeti vya kuzaliwa, wanaandika wosia na wanautunza. Na kwamba kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa hiyo asiye na hela ya wakili ana pa kwenda kuomba asaidiwe. Mkutubi alikuwa mwangalifu. Hakumwambia "utashinda" wala "andika hivi". Alisema tu, "Baba, hili swali ukawaulize wao, na ukifika useme umesoma kifungu hiki." Naona huo ndio mpaka sahihi. Mtu wa maktaba siyo wakili, ila anayekwenda kwa wakili akiwa amesoma hadanganyiki kirahisi.

Mzee akaishika ile sheria kwa mkono ulionyooka mpaka mwisho, akarudisha kichwa nyuma, kisha akanipa mimi. "Nisomee mwanangu, mimi kusoma kulishanishinda siku nyingi."

Mkutubi akasema kusoma hakujamshinda, ni macho. Na ni kweli, na ningependa kila anayefikisha miaka arobaini na kitu alisikie hili. Kuanzia umri huo lenzi ya jicho inakuwa ngumu, haijikunji tena vizuri kwa vitu vya karibu, na maandishi madogo yanaanza kuogelea. Siyo ugonjwa, ni umri. Miwani ya kusomea inatosha, ila ni busara kupimwa kwanza, maana shinikizo la jicho na mtoto wa jicho navyo huanza kimyakimya, na sisi wa Moshi hatuna kisingizio: hospitali ya KCMC ipo toka 1971 na idara yake ya macho watu wanaifuata kutoka mikoa ya mbali. Nimekuja kuamini kwamba nusu ya watu wazima wanaosema "siku hizi sina muda wa kusoma" wana muda, hawana miwani. Sina utafiti wa kuthibitisha, nina kaunta tu, na naona wanavyoshika fomu zao.

Nimekaa kwenye habari ya mzee huyo kwa sababu ya kilichofuata. Wakati tunangoja kopi ya kile kifungu, mkutubi alimletea kitabu cha Petro Itosi Marealle, *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera*. Marealle alikuwa mangi, yaani mtawala wa Kichagga, na kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1947, kikachapishwa tena miaka ya 2000. Kinaeleza kuzaliwa, kutahiriwa, kuoa, kulima, kuzika, na jinsi watu wa mlimani walivyowaza habari za waliotangulia. Mkutubi akaazima miwani ya mwenzake, mzee akaivaa, akafungua sehemu ya urithi. Alicheka peke yake. Baadaye akasema kaka zake wanataja mila ambazo hata kwenye mila hazimo zote. Sijui kikao chao cha ukoo kiliishaje, na si kazi yangu kujua. Ninachosema ni kwamba mtu alikuja kutafuta karatasi, akaondoka na ofisi ya kwenda, kifungu cha kusoma, na kitabu cha kuazima, vyote kutoka meza moja, kwa sababu aliyekaa pale aliuliza kabla ya kujibu.

Njiani mzee aliniambia mama yake alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye ngumbaru. Vijana wanaosoma hapa huenda hawalijui jambo hili kwa ukubwa wake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Mwalimu akachagua sehemu sita ambazo zingetangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma hadi mwisho wa 1971: Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Dar es Salaam, na Kilimanjaro. Ndiyo, sisi. Bibi zetu walikaa jioni kwenye madawati ya watoto wao, kanga mabegani, wakiandika kwa kijiti cha chaki. Na vitabu walivyosomea vilihusu mambo waliyokuwa wanayafanya mchana: kilimo, ufugaji, siasa, ulezi wa watoto. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: kipindi cha redio, kijitabu, na kikundi cha watu wanaokaa kusikiliza, kusoma na kujadiliana, kisha wanaenda kuchimba choo na kufyeka majani yenye mbu. Walioshiriki walifika takriban milioni 2. Maktaba za vijiji zilifunguliwa ili waliojua kusoma wasisahau.

Wakati ule hakuna aliyeona kitabu kiko huku na taarifa ya maisha iko kule. Tumevitenganisha baadaye. Kitabu tukakifunga kwenye mtihani, taarifa tukaiachia simu.

Mtu anayenipa moyo kwamba vinaweza kukaa pamoja ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Alianza kazi kama mkaguzi wa afya, akawa mwandishi wa magazeti, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alikuwa mhariri wa *Mkulima*, jarida la kilimo. Na huyohuyo ndiye aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960 ndiyo kazi yake ya kwanza kitabuni. Mchana anapanga kurasa za mbolea na mbegu, na kwa upande mwingine anapanga nani kaua na alipitia mlango gani. Kwa mtu ambaye hajamaliza riwaya tangu kidato cha nne, hiki ndicho kitabu ninachompa. Ni chembamba, Kiswahili chake kina ladha ya Unguja ambayo itakusumbua kurasa za mwanzo halafu utaanza kuiiga, na kinamfundisha msomaji kitu ambacho ubao wa matangazo nao unakihitaji: kutoamini jambo kwa sababu tu wengi wanalisema.

Basi nimeshaingia kwenye vitabu, niendelee, ila sitajifanya nina orodha ya kila mtu.

Siku hizi dukani naona sana mikataba ya ile mikopo ya riba kubwa, ya kausha damu. Watu wanatoa kopi ya kitambulisho, ya kadi ya pikipiki, ya kadi ya benki hata, wanakwenda kuziacha kwa mtu. Taarifa kwanza: kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni, na una haki ya kuiona. Ukishaiona au ukishakosa kuiona, kasome *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere ikatoka 1969, ambamo mdeni anaweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake mwenyewe na anatia saini akicheka. Au *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, mwenzetu wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili ikachapishwa 2022. Humo mtoto anaitwa Yusufu, anapandishwa treni akidhani anakwenda kutembea kwa mjomba wake tajiri, kumbe baba yake amemtoa kwa sababu ya deni. Kuna sehemu anaachwa kwa mwenye duka katika mji mdogo chini ya mlima wenye theluji. Sitasema ni mji gani. Msomaji wa Moshi atakuwa na maoni yake. Nilimpa dereva bodaboda mmoja akakisoma akiwa kijiweni anasubiri abiria, akanirudishia akiwa amekasirika, na hasira yake haikuwa kwangu.

Wapagazi wa stendi nawapa *Kuli* ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inayohusu wabeba mizigo wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Ni kitabu ambacho mtu anayebeba gunia anakielewa kuliko mwalimu anayekifundisha. Kwa wastaafu wanaorudi kihambani kutoka Dar, wakiwa na mipango mingi na viatu visivyofaa matope, nawatajia *Utubora Mkulima* ya Shaaban Robert, iliyotoka 1968, miaka sita baada ya yeye kufariki: mtu anaacha kazi ya mshahara anarudi kulima. Shaaban anahubiri, siwezi kukataa. Wema wake ni wema mno na wabaya wake hawana hata siku moja nzuri. Lakini sentensi zake, ukizisoma kwa sauti jioni, zinakupa haki ya kumsamehe.

Kwa mzazi mwenye binti anayeingia kidato cha kwanza: *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, 1971. Soma wewe kwanza. Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo yaliyomo, na baadaye kikarudi kwa sababu ya hayohayo. Zakaria, baba wa Rosa, anamlinda binti kwa viboko na vitisho mpaka binti anatoka nyumbani akiwa hajui lolote isipokuwa kuogopa. Nimeona akina baba wakikirudisha bila kusema neno, jambo ambalo kwa akina baba wa Kichagga ni maoni marefu.

Hao wanaoniomba vitabu vya mafanikio, vya kuamka saa kumi alfajiri na kuwaza kitajiri, sina shida nao, maktaba vipo, msaidiwe. Ila jamani, mtu anayeuza ndizi Mbuyuni ameamka saa tisa toka azaliwe. Kitakachomsaidia ni ile 657.

Swali la mtoto asiyesoma naliacha fupi kwa sababu jibu lake ni fupi. Mpeleke sehemu ya watoto, mwache achague mwenyewe hata kama anachochagua ni chepesi kwa umri wake, na usimuulize maswali ya mtihani akimaliza. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vipo vingi kuliko tulivyokuwa navyo sisi, kwa sehemu kubwa shukrani kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991. Na mzazi anayekuja kunilipa niprinti kitabu kizima cha darasa la nne, nakwambia kwa hasara yangu: Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada vinasomeka humo bure. Mtaala umeanza kubadilika toka 2024, kwa hiyo hakikisha ni toleo jipya.

Uanachama wa maktaba una ada, na kiasi chake kinabadilika, kaulize mezani. Utaombwa picha na mtu wa kukudhamini, au barua ya mtendaji. Ukichelewesha kitabu kuna faini. Na kama unachotaka hakipo, usiondoke hivihivi, sema jina la kitabu na la mwandishi liandikwe, maana anayeagiza vitabu hawezi kujua watu wa Njoro au Pasua wanataka nini kama hakuna anayesema.

Halafu kuna Desemba. Mabasi yanajaa, magari kutoka Dar yamejaa mpaka vichochoroni, kila mtu anarudi nyumbani na boksi. Wengi huniuliza wapeleke vitabu wapi, na mwaka hadi mwaka naona vinavyoletwa: vitabu vya kiada vya mtaala uliokwisha, miongozo ya kompyuta ambazo hazipo tena duniani, na shajara za kampuni zenye kurasa tupu. Hivyo bakini navyo. Leteni riwaya za Kiswahili mlizozimaliza, hadithi za watoto ambazo picha zake hazijachanwa, sheria zilizotafsiriwa, na chochote chenye maandishi makubwa kwa ajili ya wazee. Miwani ya kusomea iliyobaki droo za ofisini nayo leteni, ikae mezani kwa wanaosahau yao. Ulizeni kwanza maktaba wanakosa nini kabla hamjafunga kamba. Mkikuta wamefunga sikukuu, maboksi nitayapokea dukani mpaka Januari, ila yawe hayana mende.